Shakahola: dola ilisikia kashfa, haikusikia watoto

Hukumu ya kwanza iliyompeleka mhubiri Paul Nthenge Mackenzie gerezani haikuhusu kaburi hata moja. Novemba 2023 mahakama ya Malindi ilimkuta na hatia ya kutengeneza na kusambaza filamu bila leseni, na mwanzoni mwa Desemba ikampa kifungo cha miezi 12. Kesi hiyo ilitokana na mambo ya mwaka 2019. Siku hukumu inasomwa, miili zaidi ya 400 ilikuwa imeshafukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na sehemu kubwa ilikuwa miili ya watoto.

Naandika habari za Kilifi kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini kwa makusudi. Huku kwetu injili inahubiriwa kila kona, kuanzia viwanja vya Ruanda Nzovwe jijini Mbeya hadi Mwembetogwa, Iringa. Tuna mapori makubwa, mashamba yaliyo mbali na barabara, na mpaka ambao watu wa kabila moja wanauvuka asubuhi na kurudi jioni. Pia tuna historia ndefu ya manabii na jumuiya zilizojitenga, ndefu kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Kwa hiyo swali la Shakahola ni letu pia: mwanzilishi wa jumuiya ya kidini mwenye siasa kali anakuwa hatari lini, na nani anapaswa kuiona hatari hiyo mapema?

Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003. Hakuanzia porini. Alianza kama wanavyoanza wengi, na waumini wachache mjini. Baadaye alikuwa na kituo cha televisheni, Times TV, na video zake zikasambaa mtandaoni. Mada yake kubwa ilikuwa siku za mwisho. Hilo peke yake si ajabu wala si kosa, maana mahubiri ya kurudi kwa Kristo yapo katika makanisa karibu yote tunayoyafahamu. Tofauti ilianza alipowataja maadui. Shule ni ya shetani. Hospitali na dawa ni mtego. Serikali na vitambulisho vyake ni maandalizi ya utawala wa mpinga Kristo. Kenya ilipoanza kuandikisha wananchi kwa Huduma Namba mwaka 2019, alihubiri kuwa hiyo ndiyo chapa ya mnyama inayotajwa katika kitabu cha Ufunuo.

Dola haikuwa imelala wakati wote huo. Mwaka 2017 polisi walivamia eneo lake Malindi, wakawatoa watoto waliokuwa wamekatishwa shule, na akafikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyojumuisha kuwalisha watu itikadi kali. Shtaka hilo halikusimama. Mwaka 2019 alikamatwa tena kwa maneno yake juu ya Huduma Namba, akaachiwa kwa dhamana. Mwaka huohuo akatangaza kwamba anafunga kanisa na kwenda kulima.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya wakuu wa eneo kuuliza maswali, na hapo ndipo waliponyamaza. Mhubiri aliyekuwa akiwasumbua mjini alikuwa ameondoka. Televisheni haikuwatukana tena. Kwenye mafaili ya ofisi, hiyo ilionekana kama nafuu, kumbe waumini walikuwa wanauza mali zao na kumfuata kwenye ekari takriban 800 katika eneo la ranchi ya Chakama. Pori likagawanywa vitongoji vyenye majina ya Biblia: Bethlehemu, Nazareti, Yudea. Wakajenga vibanda vya miti, matope na karatasi za nailoni. Hakukuwa na shule wala zahanati. Ndugu wa nje walipofika kutafuta watu wao, walikuta vijana wa ulinzi.

Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kufuatia vifo vya watoto wawili. Aliachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000 za Kenya. Katikati ya Aprili polisi walirudi msituni na kukuta watu waliodhoofika kwa njaa, wengine wakikata roho. Ufukuaji ulianza tarehe 21 Aprili. Mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, alieleza kuwa wengi walikufa kwa njaa, lakini baadhi ya miili, ikiwamo ya watoto, ilikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mashahidi walisimulia utaratibu wa kufunga hadi kufa ambao uliwaweka watoto mbele, wakubwa nyuma. Mackenzie na wenzake zaidi ya 90 walikana mashtaka yote ya mauaji, ugaidi na ukatili kwa watoto, na kesi zao zilianza kusikilizwa Mombasa Julai 2024. Hukumu ya makosa hayo ni kazi ya majaji. Mimi nataka kuzungumzia kile ambacho hakihitaji jaji, yaani namna siasa ya mtu huyu ilivyofanya kazi.

Maofisa wengi huelewa siasa kali ya kidini kama njama dhidi ya dola. Mtu akisema serikali ni ya shetani, wanatafuta bunduki, wanatafuta mfadhili wa nje, wanatafuta mpango wa kupindua. Kwa Mackenzie hapakuwa na mpango wa kupindua chochote. Siasa yake ilielekezwa ndani, kwa muumini mwenyewe. Hebu iangalie kwa mpangilio. Ukishaamini kwamba mwalimu ni wakala wa shetani, mtoto wako hana tena mtu mzima wa nje anayemwona kila asubuhi na kugundua kuwa amekonda. Ukishaamini kuwa daktari ni mtego, hakuna atakayempima. Ukichana kitambulisho, huna cha kuonyesha benki, kituo cha polisi wala kwa mwajiri. Ukishasadiki kwamba ndugu zako walio nje wamepotea, hutapokea simu ya mama yako. Siku moyo wako unapokwambia utoke, huna pa kukimbilia, na kila mlango wa msaada umeufunga kwa mkono wako mwenyewe ukiimba. Siasa ya namna hii haina haja ya kumiliki silaha. Inamnyima mtu kimbilio, halafu kiongozi anabaki kuwa mkate, sheria na mbingu.

Ushahidi mzito wa jambo hili ni waliookolewa. Juni 2023 watu 65 waliotolewa Shakahola walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kutaka kujiua kwa sababu walikataa kula katika kituo walichohifadhiwa. Mtu ametolewa kaburini akiwa hai, uji uko mbele yake, na bado anamwona anayempa uji kuwa adui. Kumshtaki mtu wa namna hiyo kwa kosa la jinai lilikuwa kosa la dola juu ya makosa yake ya awali, na nalisema bila kumung'unya maneno. Alihitaji daktari wa akili, mchungaji mwenye subira, na ndugu wa kumshika mkono.

Huku kwetu tumeshaona siasa ya kidini inayoelekea upande mwingine kabisa, na kuchanganya hizo mbili kumewahi kumwaga damu nyingi.

Mwaka 1908 Elliot Kamwana, kijana wa Kitonga aliyepitia shule ya Waskoti ya Livingstonia, alirudi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kutoka Afrika Kusini akiwa na mafundisho ya Watch Tower, jumuiya iliyokuja kuitwa Mashahidi wa Yehova. Ndani ya miezi michache alibatiza maelfu ya watu kando ya Ziwa Nyasa, akitangaza kwamba utawala wa Wazungu ungekwisha Oktoba 1914. Waingereza walimkamata mwaka 1909, na baadaye wakamweka uhamishoni kwa zaidi ya miaka 20. Mbegu yake ilisambaa. Mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, anavuka mpaka na askari wake na kujisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, mwezi Novemba 1918, mpakani hapo palikuwa na mhubiri aitwaye Hanoc Sindano. Alifundisha kuwa serikali zote za dunia ni za shetani na kwamba mwamini hapaswi kutii amri za machifu wa mkoloni. Wafuasi wakajitenga na kujijengea makazi yao, na mafundisho yakavuka hadi upande wetu wa Mbozi. Zaidi ya watu 100 walikamatwa. Niseme wazi kwamba vuguvugu hilo halikuwa chini ya Mashahidi wa Yehova, na wala wao wa leo hawapaswi kubebeshwa mzigo wake.

Maneno ya Sindano yalikuwa makali sawa na ya Mackenzie, kama si zaidi. Lakini tazama waliomsikiliza walikuwa akina nani. Walikuwa watu waliobebeshwa mizigo ya vita kwa miaka minne, waliozika wapagazi njiani, waliopigwa na homa ya mafua ya 1918 huku kodi ya kibanda ikidaiwa. Kwao, kauli kwamba serikali ni ya shetani ilikuwa taarifa ya yaliyowapata. Ilimpa mtu sauti dhidi ya mwenye bunduki. Haikumnyima mtoto chakula. Mkoloni hakuijali tofauti hiyo, kwa kuwa yeye alipima jambo moja tu: nani ananitii.

Miaka ya 1920 Jordan Msumba alianzisha Karonga kanisa lililojiita la Mwisho la Mungu na Kristo wake, likakubali wanaume wenye wake wengi ambao misheni iliwakataa, na likapata wafuasi Rungwe. Nalo lilitazamwa kwa jicho la shaka. Halikumwua mtu.

Damu ilimwagika karibu nasi zaidi mwaka 1964. Ukivuka Tunduma na kushika barabara kuu ya kwenda Lusaka, baada ya Isoka unafika Chinsali. Huko, katika kijiji cha Kasomo, aliishi Alice Mulenga Lubusha, mke wa seremala, mshiriki wa misheni ya Lubwa. Mwaka 1953 alisema kuwa alikufa, akakutana na Yesu, akarudishwa na ujumbe. Akaitwa Lenshina. Alikataza uchawi, pombe na ndoa za wake wengi, na watu wakaja kwa makumi elfu, wakitembea siku nyingi. Mwaka 1955 alitengana na misheni, na hekalu kubwa la Kanisa la Lumpa likajengwa Kasomo, mahali walipopaita Sioni.

Kosa la Lenshina mbele ya wanasiasa lilikuwa kukataza wafuasi wake kujiunga na vyama wakati UNIP ya Kenneth Kaunda inataka kila mtu awe na kadi. Hebu fikiri uzito wa jambo hilo katika mwaka wa kuelekea uhuru. Asiye na kadi alionekana msaliti. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa pande zote mbili, na Walumpa wakajikusanya katika vijiji vyao wenyewe vilivyozungushiwa maboma. Serikali ya Kaunda iliwaamuru wavibomoe na kurudi walikotoka, kwa majirani walewale waliowachomea nyumba. Muda ulipokwisha Julai 1964, walipelekewa askari. Sioni ilishambuliwa tarehe 30 Julai. Wanaotajwa kufa katika mapigano yote ni zaidi ya 700, na Walumpa wengi walikimbilia Kongo. Kanisa lilipigwa marufuku tarehe 3 Agosti. Lenshina alijisalimisha siku chache baadaye, akawekwa kizuizini na kwenye makazi ya lazima hadi 1975, na akafa Desemba 1978.

Sitamtakasa Lenshina. Wafuasi wake waliua, na waliingia vitani wakiamini kwamba risasi haziwapati. Hata hivyo watu wake walijifungia kwa sababu nje palikuwa na moto wa kweli. Kwa Mackenzie nje hapakuwa na moto, ilimpasa auhubiri mpaka waumini wauone. Chinsali serikali ilituma jeshi kwa watu waliohitaji mpatanishi na ulinzi. Shakahola serikali ilitoa dhamana ya shilingi 10,000 mahali palipohitaji magari ya wagonjwa. Makosa hayo yanafanana na kuwa kinyume kwa wakati mmoja, na chanzo chake ni kimoja: dola ilimpima mhubiri kwa alivyoitaja yenyewe, haikumpima kwa hali ya watu walio mikononi mwake.

Kuna wanaosema dawa ni kuzuia watu kuishi pamoja. Historia ya kusini inawapinga. Litowa, Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha makazi ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakawa mama wa Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walilima pamoja, wakajenga shule ambayo watoto walijifunza na kulima, wakaamua mambo yao katika mikutano. Walikuwa na itikadi kwelikweli. Lakini mtu aliingia kwa hiari yake, mgeni alikaribishwa kuona, na mtoto alikula. TANU ilikivunja chama hicho Septemba 1969, nami naamini tulipoteza kitu chema. Miaka miwili baadaye, siku ya Krismasi 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi Ismani na mkulima Said Mwamwindi, katika mvutano wa kupeleka ujamaa kwenye mashamba ya watu. Kuishi pamoja hakujawahi kuwa tatizo letu. Tatizo huanza pale mtu asipoweza kukataa kuingia, au asipoweza kutoka.

Wengine wanasema dawa ni usajili. Ni kweli kwamba msajili anahitaji kujua nani anaendesha nini, nami sipingi. Ila tusijidanganye. Kule Kanungu, Uganda, vuguvugu la kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilikuwa limesajiliwa kihalali kama shirika lisilo la kiserikali. Kibwetere hakuwa mtu wa porini. Alikuwa Mkatoliki aliyeheshimika, mtu wa elimu, aliyewahi kujihusisha na siasa za chama cha Democratic Party. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba za viongozi. Karatasi zilikuwa sawa. Hakuna aliyekwenda kuuliza kwa nini watu wazima kwenye kambi ile walikuwa hawaongei, wakiwasiliana kwa ishara.

Kenya nayo, baada ya Shakahola, iliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, Seneti ikatoa ripoti yake, na Januari 2024 kanisa la Mackenzie likatangazwa kuwa kundi la uhalifu wa kupangwa. Julai 2025, si mbali na Shakahola, mahali paitwapo Kwa Binzaro, yaligundulika makaburi mengine. Miili zaidi ya 30 ilifukuliwa. Ripoti zilikuwa zimeshaandikwa, sheria mpya zilikuwa zinajadiliwa, na watu walikuwa wanakufa njaa tena katika kaunti ileile.

Kwa hiyo kazi inarudi ngazi ya chini, kwa watu wanaojua nyumba kwa nyumba. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa dini, na uhuru huo unamlinda hata anayehubiri kwamba dunia inakwisha Jumanne ijayo au kwamba serikali ni Babeli. Mtendaji wa kijiji asimwandikie ripoti mtu wa namna hiyo kwa sababu amemkera mkuu wa wilaya. Aandike ripoti pale anapoona familia tano za kitongoji kimoja zimeuza mahindi, mabati na viwanja ndani ya mwezi mmoja na kuhamia sehemu moja. Aandike pale watoto wanapoacha shule kwa mafungu na mwalimu mkuu anaambiwa wamehama bila barua ya uhamisho. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apaze sauti pale kliniki ya mama na mtoto inapopoteza majina kutoka eneo moja. Mambo haya hayahitaji mpelelezi kutoka Dodoma. Yanahitaji daftari la mahudhurio lisomwe, na anayelisoma asiambiwe kwamba anaingilia imani za watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto bila kujali dhehebu la baba yake.

Viongozi wa dini nao wana deni. Mackenzie hakuwapata waumini wake jangwani. Wengi walitoka katika makanisa ya kawaida, wakiwa na ugonjwa usiopona, deni, ndoa iliyovunjika, na wakamkuta mtu mwenye muda wa kuwasikiliza. Mchungaji anayeona benchi limebaki wazi kwa wiki sita aende nyumbani kwa mtu huyo, hata kama sadaka yake ilikuwa ndogo.

Na wewe ndugu ambaye kaka yako au dada yako amekata simu na kuhamia kwa mtumishi fulani huko porini Chunya, Mufindi au Kilolo, usikubali kuambiwa kwamba ni imani yake na umwache. Mtu mzima ana haki ya kuamini anachotaka, lakini watoto aliokwenda nao hawakuchagua. Omba kuwaona kwa macho. Ukizuiwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi, taja majina na umri wa watoto, na uombe namba ya jalada. Kama huwezi kufika, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto. Haitozwi.